KUPIMA NA KUPIMWA: LUGHA YA MJADALA WA UMMA KUHUSU UPIMAJI WA KORONA NCHINI KENYA NA TANZANIA, 2020

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna lugha ilivyotumika katika mjadala wa umma kuhusu maandalizi ya serikali na upimaji wa ugonjwa wa korona nchini Kenya na Tanzania mwaka 2020. Tumejikita katika maneno machache yaliyotawala mjadala huo, yaani 'tayari', 'pima', 'karantini', 'chanya', 'kisa' na 'kipimo'. Tunadai kwamba raia wa Kenya alipewa takwimu kila siku, lakini aghalabu hakupewa lugha ya kuzifasiri. Ilhali raia wa Tanzania alizungumziwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, lakini takwimu zikakatika. Takwimu bila lugha na lugha bila takwimu ni mapungufu mawili ya namna moja, kwani yote humwacha raia bila uwezo wa kuipima serikali yake. Mwishoni tunapendekeza kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifanya kabla ya mkurupuko mwingine wa maradhi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hutumiwa kumwonya mgonjwa anayeona haya kusema anachougua. Mwaka 2020 swali liligeuka: je, ikiwa anayeshukiwa kuficha maradhi si mgonjwa bali ni dola, raia atajuaje?

Tarehe 16 Machi 2020, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alizihimiza nchi zote zipime watu, akilirudia neno hilo mara tatu mfululizo. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua takriri hiyo mara moja. Siku tatu kabla, yaani tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alikuwa ametangaza kisa cha kwanza nchini mwetu. Tarehe hiyohiyo ya 16, Waziri wa Afya wa Tanzania, Ummy Mwalimu, akatangaza kisa cha kwanza nchini mwake. Nchi hizi mbili jirani, zinazotumia lugha moja ya taifa, ziliingia katika janga zikiwa zimepishana kwa siku tatu tu. Majuma saba baadaye, mijadala yao ilikuwa imekwenda njia tofauti kabisa.

Makala hii haikusudii kuamua ni serikali ipi iliyopatia na ipi iliyokosea katika masuala ya tiba. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa afya. Kazi yetu ni ya lugha: maneno yaliyotumika yalimwezesha msikilizaji kuuliza maswali gani, na yalimzuia asiulize yapi?

2.0 Mwongozo wa Kinadharia

Tumeongozwa na Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, hasa mawazo ya Norman Fairclough katika kitabu chake Language and Power cha mwaka 1989. Fairclough anaitazama lugha kama tendo la kijamii lililofungamana na mamlaka. Miongoni mwa maswali anayotuhimiza kuyauliza tusomapo matini ni haya: je, mtendaji ametajwa au amefichwa? Je, sentensi iko katika kauli ya kutenda au ya kutendwa? Maswali haya yanaafiki Kiswahili vyema, kwa kuwa lugha yetu ina mfumo tajiri wa mnyambuliko wa vitenzi. Kiambishi kimoja chatosha kumwondoa mtendaji jukwaani.

3.0 'Tuko Tayari': Njeo za Maandalizi

Kabla ya kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini Kenya, mjadala ulihusu utayari. Viongozi walisisitiza kwamba nchi ilikuwa imejiandaa. Hata hivyo, matukio mawili yaliutia umma shaka. Mwishoni mwa Januari 2020, mwanafunzi aliyewasili Nairobi akitoka Wuhan alitengwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na sampuli yake ikapelekwa Afrika Kusini ili ipimwe. Matokeo yalionyesha kwamba hakuwa na virusi, lakini Wakenya walikuwa wameshang'amua kwamba jibu lilitoka ng'ambo. Tukio la pili lilikuwa la tarehe 26 Februari, ndege iliyobeba abiria 239 kutoka China ilipotua Nairobi, na abiria wakashauriwa kujitenga wenyewe kwa siku 14. Ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa. Tarehe 28 Februari Mahakama Kuu iliamuru safari za ndege kutoka China zisimamishwe kwa muda. Siku hiyohiyo, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri ya kuunda kamati ya kitaifa ya kukabiliana na korona, na kuagiza kituo cha kuwatenga wagonjwa katika Hospitali ya Mbagathi kikamilishwe ndani ya siku 7.

Tulitazame suala hili kisarufi. Kauli 'tumejiandaa' ina kiambishi -me- cha hali timilifu: kazi imekwisha na matokeo yake yapo. 'Tunajiandaa' ina -na-: kazi ingali inaendelea. 'Tutajiandaa' ina -ta-: kazi haijaanza. Amri ya kukamilisha kituo ndani ya siku 7 ni ushahidi kwamba njeo iliyostahili mwezi huo wa Februari ilikuwa -na-. Kusema 'tunajiandaa' si aibu. Anayesema hivyo hualika maswali yenye manufaa: mmefika wapi? Kimebaki nini? Mtamaliza lini? Anayesema 'tumejiandaa' huyafunga maswali hayo, na siku upungufu unapojitokeza, msikilizaji humwona kuwa mwongo hata kama alikuwa na nia njema.

Vivyo hivyo, 'tayari' ni neno linalohitaji kijalizo. Tayari kwa lipi? Kwa wagonjwa wangapi? Katika kaunti zipi? Tangu afya ilipogatuliwa chini ya Katiba ya 2010, hospitali nyingi zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Hivyo basi, 'tuko tayari' inayotamkwa Nairobi haiwezi kujibu swali la mkazi wa Mandera au Kwale mpaka nafsi ile ya 'tu-' ibainishwe.

4.0 'Pima' na Kauli Zake

Kitenzi 'pima' kina maana pana. Fundi cherehani hupima kitambaa, muuza nafaka hupima mahindi kwa gorogoro, mzee hupima maneno yake barazani, na mabaharia wa pwani yetu walipima kina cha maji kwa pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Katika maana hizi zote, anayepima anatafuta kujua ukweli kabla ya kuamua.

Hata hivyo, nchini Kenya kauli ya kutendwa, 'pimwa', ilikuwa na historia nyingine. Tangu vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa virusi vya UKIMWI vilipoenea miaka ya 2000, swali 'Je, umepimwa?' lilieleweka bila kutaja ugonjwa. Neno lilikuwa limekwisha kubeba hofu na unyanyapaa. Korona ilipoingia, iliurithi mzigo huo.

Isitoshe, mzigo mwingine uliongezwa. Wasafiri waliowasili mwishoni mwa Machi 2020 walipelekwa karantini ya lazima katika hoteli na taasisi zilizoteuliwa, na wakatakiwa kujilipia gharama. Mwezi Aprili, baadhi ya waliokamatwa kwa kukiuka kafyu nao walipelekwa karantini. Zingatia yaliyotokea kisemantiki. 'Karantini', neno ambalo wafugaji wetu walilijua tangu zamani kwa kufungwa masoko ya mifugo wakati wa maradhi, lilikuwa sasa na maana tatu kwa pamoja: kinga, deni na adhabu. Wizara ilikusudia maana ya kwanza. Mitaa ilisikia ya pili na ya tatu.

Athari yake haikukawia. Mwezi Mei 2020 serikali ilipoanzisha upimaji wa watu wengi katika maeneo kama Eastleigh na Kawangware, waliojitokeza walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Haitoshi kusema kwamba watu hao walikuwa wajinga au wakaidi. Chukua sentensi hii ya kawaida: 'Wakazi watapimwa na watakaopatikana na virusi watatengwa.' Vitenzi vyote vikuu viko katika kauli ya kutendwa. Ni nani atakayepima? Ni nani atakayetenga? Watatengwa wapi, kwa siku ngapi, na ni nani atakayelipa? Mama anayeuza mboga ili watoto wale jioni hawezi kuitikia wito wenye mapengo mengi kiasi hicho. Mwezi huohuo serikali ilitangaza kwamba ingebeba gharama za walio katika vituo vyake vya umma. Tangazo hilo lilimrejesha mtendaji katika sentensi: serikali italipa. Lakini maana ya zamani ilikuwa imekwisha kukita mizizi.

5.0 'Chanya', 'Hasi', 'Kisa' na 'Sampuli'

Wakati huo mwandishi wa makala hii alikuwa nyumbani, baada ya vyuo kufungwa. Jioni moja nyanya alisikiliza taarifa redioni kisha akauliza: "Mjukuu wangu, wamesema watu kadhaa wamekuwa chanya. Hao si ndio waliopona?" Hatukucheka. Nyanya alikuwa ametumia kanuni sahihi ya lugha. Tunasema 'mtazamo chanya', 'mchango chanya', 'mabadiliko chanya'. Kila mara neno hilo huashiria jema. Istilahi iliyotafsiriwa neno kwa neno ilikuwa imegeuza habari mbaya kuwa njema. 'Amepatikana na virusi' na 'hakupatikana na virusi' zingetosha, na zingeeleweka kwa wote.

'Hasi' nayo ilizua tatizo lake. Kipimo kikuu kilichotumika hutafuta chembechembe za kijenetiki za kirusi katika ute unaotolewa puani au kooni kwa kijiti cha pamba. Mtu akipimwa mapema mno baada ya kuambukizwa, au ute ukichukuliwa vibaya, virusi huenda visionekane. Kwa hiyo 'hasi' humaanisha 'hatukuviona leo katika sampuli hii'. Haina maana ya 'huyu ni salama'. Tofauti hiyo ni ya kisarufi kama ilivyo ya kitabibu: sentensi ya kwanza ina wakati na mahali, ya pili haina.

Suala kubwa zaidi lilikuwa la hesabu. Taarifa ya kila siku ya Wizara ilitaja visa vipya na idadi ya sampuli zilizopimwa, lakini kichwa cha habari kilibeba visa pekee. Tuchukue mfano wa kubuni. Siku ya kwanza sampuli 1,000 zimepimwa na visa 50 vikapatikana. Siku ya pili sampuli 3,000 zimepimwa na visa 90 vikapatikana. Mtangazaji atasema, 'Visa vyaongezeka.' Ni kweli. Vimetoka 50 hadi 90. Lakini kiwango cha waliopatikana na virusi kimeshuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Kinyume chake chawezekana pia: maabara zikipungukiwa na kemikali za kupimia, visa vitapungua kwa sababu hakuna anayepimwa, na umma utashangilia bure. Ndiyo maana mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kiwango hicho kiwe chini ya asilimia 5 kwa angalau majuma mawili kabla ya kulegeza masharti.

Fauka ya hayo, 'sampuli' si kisawe cha 'mtu'. Mgonjwa mmoja huweza kutoa sampuli mara mbili au tatu. Anayesema 'tumepima watu' ilhali ana hesabu ya sampuli, amewaongeza watu ambao hawapo.

Ufafanuzi wa aina hii ulitolewa mara kwa mara na wataalamu, lakini aghalabu kwa Kiingereza, huku Kiswahili kikitengewa muhtasari. Ibara ya 7 ya Katiba inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari. Ikiwa maelezo yanatolewa kwa lugha moja na muhtasari kwa nyingine, haki hiyo nayo inatolewa kwa muhtasari.

6.0 Kipimo Kinapopimwa: Mfano wa Tanzania

Huenda msomaji akadhani kwamba tiba ya tatizo hili ni kutumia Kiswahili tu. Mfano wa Tanzania unatuonya dhidi ya dhana hiyo.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli zisizo za binadamu, zikiwemo za papai na mbuzi, zilikuwa zimepelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zikiwa na majina na umri wa watu, na kwamba baadhi zilirudi na majibu ya kuwepo kwa virusi. Hotuba ilitolewa kwa Kiswahili cha kawaida, kwa mtindo wa masimulizi. Kifasihi, ilikuwa na sifa zote za ngano ya mjanja: ujanja, wahusika wanyama na matunda, ufichuzi mwishoni, na kicheko. Hadhira iliielewa barabara. Siku iliyofuata kiongozi wa maabara hiyo alisimamishwa kazi. Tarehe 7 Mei, John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, aliyakanusha madai kwamba vifaa vya kupimia vilivyosambazwa barani vilikuwa na kasoro.

Hapa ndipo nomino 'kipimo' inapohitaji jicho la mwanaisimu. Neno hili hurejelea mambo matatu: kifaa cha kupimia, tendo la kupima, na jibu linalopatikana. Mtu akisema 'vipimo vina hitilafu', analaumu lipi kati ya hayo? Kifaa kikiwa kibovu, dawa yake ni kubadilisha kifaa. Kazi ya maabara ikiwa na dosari, dawa ni kuwafunza wahudumu na kukagua usafi. Majibu yakiwa yamevurugwa makusudi, dawa ni uchunguzi. Katika mjadala ule, maana zote tatu zilichanganywa katika neno moja, na hitimisho likawa kwamba takwimu zote hazifai. Kuipima maabara kwa sampuli za mtego ni jambo ambalo wanasayansi wenyewe hulifanya ili kuhakiki ubora. Tofauti ni kwamba wao hutenganisha maana hizo tatu, kisha wakarekebisha kilichoharibika na kuendelea kupima.

Takwimu za Tanzania Bara zilikuwa zimetangazwa mara ya mwisho tarehe 29 Aprili 2020. Rekodi za kimataifa zikabaki kwa zaidi ya mwaka mmoja kwenye visa 509 na vifo 21. Mwezi Juni nchi ilitangazwa kuwa huru dhidi ya korona. Hali hii ilibadilika mwaka 2021: Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, utoaji wa takwimu ukarejea, na tarehe 28 Julai 2021 alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Katika kipindi hicho istilahi UVIKO-19 ikashika nafasi katika matangazo rasmi, ishara kwamba Kiswahili hakikosi uwezo wa kuunda istilahi. Kinachokosekana wakati mwingine ni habari ya kuivisha istilahi hizo.

7.0 Namanga: Mahali Lugha Mbili za Upimaji Zilipokutana

Mitazamo hii miwili haikubaki katika miji mikuu. Ilikutana barabarani. Mwezi Mei 2020 Kenya ilianza kuwapima madereva wa malori mpakani, na tarehe 16 Mei ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri, isipokuwa malori ya mizigo. Madereva waliopatikana na virusi upande mmoja wa Namanga walitangazwa upande wa pili kuwa hawana. Foleni za malori zikawa ndefu, na pande zote mbili zikalaumiana.

Dereva aliyekwama pale alikuwa na majibu mawili kuhusu mwili mmoja, yote yakielezwa kwa Kiswahili. Hakukosa lugha ya kuelewa alichoambiwa. Alikosa njia ya kujua ni jibu lipi la kuaminika, nani alilitoa, kwa kifaa gani na lini. Kwake yeye, 'pimika' ndiyo kauli iliyokuwa muhimu zaidi: je, ukweli huu unapimika? Kama haupimiki, kilichobaki ni kuchagua serikali ya kuiamini kwa kufuata utaifa, na huo si upimaji tena.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba mjadala kuhusu upimaji ulikuwa na pande mbili za kitenzi kimoja. Serikali ilipima watu, na watu nao wakaipima serikali. Ili raia aipime serikali yake kwa haki, anahitaji takwimu na anahitaji lugha. Kenya ilitoa zaidi cha kwanza. Tanzania ya mwaka 2020 ilitoa zaidi cha pili. Palipokosekana kimojawapo, pengo lilizibwa na uvumi.

Suala hili halijapitwa na wakati. Mwezi Julai 2024 Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza cha homa ya nyani katika mpaka wa Taveta. Mwezi Januari 2025, baada ya taarifa za kushukiwa kwa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, Tanzania kwanza ilisema kwamba sampuli hazikuonyesha virusi. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia akathibitisha kisa kimoja mbele ya umma, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. 'Hatukuviona' iligeuka kuwa 'tumekiona', na taifa likaelezwa waziwazi. Hivyo ndivyo -me- inavyostahili kutumiwa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya Kiswahili vyuoni viandae, wakati huu wa utulivu, faharasa fupi ya upimaji wa magonjwa kwa kushirikiana na wanafunzi wa udaktari na wa takwimu, na faharasa hiyo ijaribiwe kwa wasikilizaji wa kawaida kabla ya kuchapishwa. Neno ambalo nyanya amelielewa kinyume lirudishwe mezani. Pili, taarifa za dharura ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, zikiwa na urefu na takwimu sawa na zile za Kiingereza. Tatu, wahadhiri wetu wazitumie taarifa hizo kama matini za kufundishia njeo na mnyambuliko, kwani sarufi inayofundishwa kwa mifano ya 'Juma anacheza mpira' pekee haimwandai mwanafunzi kumsaidia jirani yake siku ya dhiki.

Maswali ya kujadili darasani

(a) Andika upya sentensi 'Wakazi watapimwa na watakaopatikana na virusi watatengwa' ukiwataja watendaji wote, mahali, muda na mlipaji.

(b) Bainisha maana tatu za nomino 'kipimo', kisha upendekeze neno mahususi kwa kila maana.

(c) "Tuko tayari." Taja maswali matano ambayo raia anapaswa kuyauliza kabla ya kuikubali kauli hii.